Kusimamisha kodi, kutoa ruzuku au kuiacha pampu: ahadi tatu za kampeni kuhusu bei ya mafuta

Kenya itapiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na huhitaji kupiga ramli kujua kwamba bei ya petroli itapanda jukwaani pamoja na wagombea. Mafuta yakiwa ghali na uchaguzi ukiwa mlangoni, ahadi huwa mojawapo ya tatu. Ya kwanza ni kusimamisha kodi ya mafuta kwa miezi kadhaa. Ya pili ni kuiacha kodi mahali pake, serikali ikawalipa wauzaji sehemu ya gharama ili bei ya pampu isipae: hiyo ndiyo ruzuku. Ya tatu ni kutoigusa pampu kabisa, raia akapewa nafuu kwa mlango mwingine, kama vile kupunguziwa kodi ya mshahara au kutumiwa fedha mkononi.

Zote tatu zimeshajaribiwa, kwa hiyo hakuna sababu ya mpiga kura kubahatisha. Nianze na Marekani mwaka 2008, maana ni nadra kukuta wagombea watatu wazito wakivutana juu ya kodi moja, ndani ya wiki zile zile, kila mmoja na lake.

Watatu na senti 18.4

Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 18.4 kwa galoni ya petroli na senti 24.4 kwa dizeli, viwango ambavyo havijapandishwa tangu miaka ya 1990. Galoni ni kama lita 3.8, kwa hiyo tunazungumzia senti 5 hivi kwa lita. Aliyezoea kodi za Nairobi au Dar es Salaam atashangaa watu waligombania nini. Lakini Aprili 2008 galoni ilikuwa imefika kama dola 3.60 na bado inapanda (Julai ilipita dola 4.10), na Mmarekani asiye na gari hafiki popote.

Tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya Wamarekani kuwasilisha hesabu zao za kodi, John McCain alisimama Pittsburgh akiwa tayari ameinyakua tiketi ya Republican. Alitaka kodi hiyo isimamishwe kuanzia Memorial Day mwishoni mwa Mei hadi Labor Day mwanzoni mwa Septemba, msimu ambao familia hufunga safari za likizo kwa gari. Fedha za barabara ambazo zingekosekana zingetoka katika hazina kuu.

Hillary Clinton, ambaye bado alikuwa anavutana na Barack Obama katika mchujo wa Democratic, aliichukua ahadi hiyo siku chache baadaye na kuitia nyongeza: pengo lisijazwe na hazina, lijazwe na kampuni za mafuta, zilizokuwa zinavuna faida nono. Obama akazikataa zote mbili. Kwa hesabu yake dereva wa kawaida angeokoa kama dola 30 kwa msimu mzima, na hata hizo zingeweza kuishia njiani. Yeye alikuwa na ahadi ya aina ya tatu: kuwakata wafanyakazi kodi ya mapato, hadi dola 1,000 kwa familia kwa mwaka.

Ile hesabu ya dola 30 si ya kubuni. Chukua wiki 14, galoni 12 kwa wiki, zidisha kwa senti 18.4: unapata dola 31 kasorobo hivi. Hapo ni ikiwa kila senti ya kodi iliyoondolewa imeshuka hadi kwa dereva.

Wachumi zaidi ya 200, Joseph Stiglitz mshindi wa Nobel akiwa mmoja wao, walitia saini barua ya kuupinga mpango huo. Mchumi Paul Krugman, ambaye msimu ule alijulikana kwa kumpendelea Clinton kuliko Obama, naye hakuuunga mkono. Clinton alipobanwa kwenye televisheni tarehe 4 Mei ataje walau mchumi mmoja anayekubaliana naye, alijibu kwamba yeye hatafungamana na wachumi. Kisiasa lilikuwa jibu zuri kuliko lilivyosikika. Siku mbili baadaye alishinda mchujo wa Indiana kwa wembamba wa asilimia 51 kwa 49 hivi, lakini akabwagwa North Carolina kwa pointi 14. Kodi yenyewe haikusimamishwa hata siku moja, kwa sababu viongozi wa Congress (Bunge la Marekani), akiwamo Spika Nancy Pelosi, hawakuitaka.

Tukiziweka ahadi zile bega kwa bega, ya McCain ilikuwa nyepesi kueleweka na mbovu kwa upande wa mfuko: deni la taifa lingebeba gharama. Ya Clinton ilionekana kuwa na akili zaidi, kwa sababu ilitaja mlipaji. Tatizo lake ni kwamba ilihitaji sheria mpya ya kuzitoza kampuni za mafuta, George W. Bush bado akiwa Ikulu na kiangazi kikiwa wiki chache mbele. Mgombea anapoahidi nafuu ya mwezi ujao kwa fedha ambazo sheria yake haijaandikwa, nafuu ndiyo itakayofika kwanza, fedha zitajulikana baadaye, au zisijulikane kabisa. Ya Obama ilikuwa salama kwa hazina ya barabara, ila haikumpa dereva wa kiangazi kile chochote. Ahadi yake ya kodi ilimtaka asubiri hadi aingie madarakani.

Punguzo linafika kwenye pampu?

Hoja kubwa ya wachumi wale haikuwa kwamba dola 30 ni kidogo. Ilikuwa kwamba zingepotelea kwa wauzaji. Kiangazi mitambo ya kusafisha mafuta ya Marekani hufanya kazi karibu na ukomo wa uwezo wake, na mafuta hayawezi kuongezeka ghafla kwa sababu tu kodi imeondoka. Bei ikishuka kidogo, watu huendesha zaidi. Mafuta yakiwa yale yale, bei hurudi juu. Tofauti inabaki kwa aliye na mafuta ya kuuza.

Kwa nadharia hoja hiyo haina kasoro. Kwa vitendo ilitiwa chumvi, na aliyeitia zaidi alikuwa na historia yake. Mwaka 2000, Obama akiwa seneta wa jimbo la Illinois, aliunga mkono kusimamishwa kwa kodi ya mauzo ya asilimia 5 kwenye petroli ya jimbo hilo. Indiana ilifanya vivyo hivyo kiangazi hicho. Mwaka 2008 Obama alisema jaribio lile lilimfunza kwamba nafuu haimfikii mnunuzi. Lakini wachumi wawili, Joseph Doyle na Krislert Samphantharak, walilinganisha bei za kila siku za vituo vya Illinois na Indiana na zile za majimbo jirani, na utafiti wao ukachapishwa mwaka huo huo wa 2008. Kodi ya asilimia 5 ilipoondolewa, bei ilishuka kwa asilimia 3. Iliporudishwa, bei ilipanda kwa asilimia 4.

Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya nafuu ilimfikia mnunuzi, na kiasi kikabaki njiani. Hata hivyo ukizitazama vizuri takwimu hizo mbili utaona bei ilikuwa na haraka zaidi ya kupanda kuliko ya kushuka, jambo ambalo halitamshangaza yeyote anayepanda daladala.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, majimbo kadhaa ya Marekani yalirudia jaribio. Watafiti wa Penn Wharton, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walikadiria kwamba kule Maryland karibu asilimia 72 ya punguzo ilifika kwa wanunuzi, na Georgia kati ya asilimia 58 na 65. Rais Joe Biden aliiomba Congress tarehe 22 Juni mwaka huo isimamishe zile senti 18.4 kwa miezi mitatu, hadi mwisho wa Septemba. Uchaguzi wa wabunge ulikuwa Novemba. Congress haikumpa.

Sasa, hoja hii ukiihamishia Afrika Mashariki inabadilika sura, na hapa ndipo makala nyingi zinazonakili mjadala wa Marekani hupotea. Petroli ya Marekani huuzwa kwa bei ambayo mwenye kituo anaipanga mwenyewe. Kenya, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi. Tanzania, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo hujengwa kwa kanuni: gharama ya shehena bandarini, kila kodi kwa jina lake, usafirishaji, faida ya msambazaji. Ukiufuta mstari mmoja wa kodi, kikomo kinashuka kwa kiasi hicho, na mwenye sheli hana ruhusa ya kukivuka. Kwa hiyo hofu ya 2008 kwamba muuzaji atakula punguzo lote haina uzito ule ule kwetu.

Uvujaji wetu uko hatua moja mbele ya pampu. Nauli ya matatu hupanda siku ambayo EPRA inatangaza nyongeza. Tangazo la kupunguza likitoka, kondakta hana habari nalo. Mwenye gari anapata nafuu yake nzima, abiria hapati kitu au anapata makombo. Mgombea anayesema anamtetea mwananchi wa chini kwa kuondoa kodi ya petroli anapaswa kuulizwa ni mwananchi yupi hasa, wa usukani au wa kiti cha nyuma.

Pengo

Kodi ya mafuta, karibu kila mahali, si fedha za matumizi ya jumla pekee. Sehemu yake ina barabara yake. Senti 18.4 za Marekani huingia kwenye mfuko wa barabara kuu. McCain na Clinton walipokuwa wakiahidi kuzisimamisha, mfuko ule ulikuwa tayari unachechemea: Septemba 2008, kodi ikiwa imelipwa kiangazi chote bila kusimamishwa, Congress ililazimika kuuongezea dola bilioni 8 kutoka hazina kuu ili usikauke. Hebu fikiria ungekuwa wapi kama ahadi ingetimizwa.

Mfano ambao nauheshimu zaidi upande huu ni wa Georgia. Gavana Brian Kemp alisimamisha kodi ya jimbo, senti 29.1 kwa galoni, kuanzia Machi 2022, akawa anaiongezea muda mara kwa mara. Alikuwa anatetea kiti chake dhidi ya Stacey Abrams, na kilichovutia ni kwamba Abrams hakubisha; alimtaka aisimamishe hadi mwisho wa mwaka badala ya kuigawa vipande. Jimbo lilikuwa na ziada katika bajeti, kwa hiyo barabara hazikukosa fedha. Kemp alishinda Novemba, na kodi ikarudi Januari 2023. Unaweza kusema ilikuwa hongo ya kampeni, na sitabisha sana. Lakini ilikuwa hongo iliyolipwa kwa akiba iliyokuwepo, na kodi haikurudi asubuhi baada ya kura.

Kenya hali ni tofauti kabisa. Kuanzia Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli hubeba shilingi 25 za ushuru wa ukarabati wa barabara, kutoka 18. Mwaka 2025 serikali ilichukua shilingi 7 kati ya hizo 25 na kuziweka rehani: iliuza haki ya makusanyo yake ili kupata fedha, kiasi cha shilingi bilioni 175, za kuwalipa makandarasi waliokuwa wanadai kwa miaka. Maana yake ni kwamba mgombea wa 2027 akipanda jukwaani na kuahidi kusimamisha ushuru wa barabara wote, anaahidi kitu ambacho sehemu yake si ya serikali tena. Wawekezaji watadai chao, barabara ikarabatiwe isikarabatiwe. Anaweza kuahidi zile 18 zilizobaki, ila hapo ndipo fedha za kuziba mashimo zinapotoka.

Australia: kodi ya pampu dhidi ya kodi ya mshahara

Kama kuna nchi iliyoziweka ahadi ya kwanza na ya tatu kwenye karatasi moja ya kura, ni Australia, Mei 2025.

Kabla ya hapo ilikuwa na jaribio la 2022. Serikali ya Scott Morrison, katika bajeti ya tarehe 29 Machi, ilikata nusu ya ushuru wa mafuta, senti 22.1 kwa lita, kwa miezi sita hadi 28 Septemba. Uchaguzi ulifanyika 21 Mei. Anthony Albanese wa chama cha Labor hakulipinga punguzo, jambo lililomnyima Morrison silaha: nafuu ambayo wote wanaikubali haimpi mtu kura. Morrison alishindwa, na waziri wake wa fedha Josh Frydenberg akapoteza hata jimbo lake. Serikali mpya ya Albanese ikaacha muda uishe kama ulivyoandikwa, na ushuru ukarudi Septemba bila ghasia.

Miaka mitatu baadaye pande zikapingana waziwazi. Labor, katika bajeti ya tarehe 25 Machi 2025, ikaweka punguzo dogo la kodi ya mapato: hadi dola 268 za Australia kwa mwaka kuanzia Julai 2026, kisha 536 kuanzia mwaka unaofuata. Peter Dutton, kiongozi wa upinzani, akalikataa punguzo hilo na kuahidi badala yake kukata nusu ya ushuru wa mafuta, senti 25.4 kwa lita, kwa mwaka mmoja. Mwenye gari moja linalojazwa lita 55 kwa wiki angeokoa kama dola 14 kila wiki, na hazina ingekosa bilioni 6.

Kwa hesabu ya kwenye karatasi, Dutton alikuwa na kitu. Dola 14 kwa wiki ni zaidi ya dola 700 kwa mwaka, na zingeanza mara moja. Za Labor zilikuwa chache na za mbali. Akapita kituo baada ya kituo cha mafuta akipigwa picha na pampu. Tarehe 3 Mei Labor ikashinda kwa kishindo na Dutton akapoteza jimbo lake pia. Sitadai kwamba ni mafuta yaliyomwangusha. Kampeni ile ilikuwa na mengi. Ila inaondoa dhana moja ambayo wanasiasa wetu huishika kama kanuni, kwamba ukiahidi kushusha bei ya petroli lazima kura zije.

Na tofauti yenyewe kati ya ahadi mbili ni ya kuangaliwa. Nafuu ya Dutton ilikuwa na mwisho, na kila aliyeipokea angejua kwamba mwaka ukiisha bei itaruka. Ya Labor haikuwa na mwisho. Lakini ya Labor ilimfikia tu mtu mwenye mshahara unaokatwa kodi. Australia hao ni watu wengi. Kenya au Tanzania, ambako wengi wanaishi kwa vibarua, biashara ndogo na shamba, ahadi ya kupunguza kodi ya mshahara inawagusa wachache walio kwenye orodha ya mishahara. Kwetu ahadi ya tatu ina maana tu ikiwa ni fedha taslimu, zinazokwenda kwenye simu ya mtu anayejulikana.

Kenya: ruzuku ya 2022, na kodi iliyorukishwa uchaguzi

Tunayo mifano yetu miwili, na wa kwanza wengi wameusahau. Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013 iliyaingiza mafuta katika VAT ya asilimia 16, lakini ikayapa msamaha wa miaka mitatu. Msamaha ulipokaribia kwisha 2016, Bunge likauongeza miaka miwili, hadi 1 Septemba 2018. Tazama tarehe. Uchaguzi ulikuwa 8 Agosti 2017. Hakuna aliyelazimika kuahidi chochote jukwaani. Kodi ilikuwa imeshasukumwa ng'ambo ya kura kimyakimya.

Ilipoanza kutozwa ilikuja yote kwa mkupuo. Wasambazaji wakagoma, vituo vikakauka, Mahakama Kuu ya Bungoma ikatoa amri ya kuisitisha, na Rais Uhuru Kenyatta akapendekeza ipunguzwe hadi asilimia 8. Wabunge waliipitisha 8 hiyo tarehe 20 Septemba 2018 katikati ya vurugu ukumbini. Ikadumu hadi Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoirudisha 16; Julai mwaka huo petroli ya Nairobi ikavuka shilingi 195, na Septemba ikavuka 211.

Mfano wa pili ni ruzuku. Aprili 2021 serikali ilianza kutumia ushuru maalumu wa shilingi 5.40 kwa lita kutuliza bei. Wakati dunia ilikuwa tulivu, mpango ulijimudu. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, gharama ikazidi kile kilichokusanywa, malipo kwa kampuni za mafuta yakachelewa, na Aprili watu wakapanga foleni kwenye sheli huku mafuta yakiwa nchini. Petroli Nairobi ilikuwa shilingi 134.72 Machi. Juni ikafika 159.12, na hapo ikagandishwa Julai na Agosti, mwezi wa kura. Julai hiyo hiyo, wiki tatu kabla ya uchaguzi, unga nao ukashushwa hadi shilingi 100 kwa pakiti ya kilo mbili, na ukapanda tena uchaguzi ulipopita.

William Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba. Katika hotuba yake alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, bilioni 60 kati yake ndani ya miezi minne ya mwisho. Kesho yake EPRA ikatangaza petroli kwa 179.30. Shilingi 20 kwa siku moja. (Agosti 2023, bei ilipombana, serikali yake nayo ikarudisha ruzuku kidogo. Ukiwa Ikulu pampu huonekana tofauti.)

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya kusimamisha kodi na kutoa ruzuku, na sioni ikitajwa vya kutosha. Kusimamisha kodi kuna dari. Ukisimamisha shilingi 18, gharama ni shilingi 18 mara lita zilizouzwa, mafuta ya dunia yapande yashuke. Ruzuku ya kugandisha bei haina dari: kadiri soko la dunia linavyopanda ndivyo deni linavyokua, na linakua kwa jina la serikali bila kupitia bungeni kama kodi. Ndiyo maana kodi iliyosimamishwa humalizika kwa tangazo, na ruzuku humalizika kwa foleni. Tanzania ilijaribu kuiwekea ruzuku dari: Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza shilingi za Tanzania bilioni 100 za kupunguza bei kuanzia Juni. Bei bado zilikuwa juu, watu bado walilalamika, lakini kiasi kilitajwa mapema. Haukuwa mwaka wa uchaguzi, na huenda hilo lilisaidia.

Ipi kwa nani

Mwenye bodaboda anayetumia lita tatu kwa siku angepata shilingi 54 kila siku kama zile 18 zisizo rehani zingesimamishwa. Si haba kwa mtu anayehesabu faida kwa mamia. Kwake ahadi ya kwanza ina thamani ya kweli, mradi aulize inaanza lini na inaisha lini. Ikiwa inaisha Agosti au Septemba ya mwaka wa kura, ajue kwamba anaandaliwa 179.30 nyingine.

Mkulima anayekodi trekta msimu wa kulima hanunui dizeli mwenyewe, na bei ya ekari moja haishuki kwa miezi mitatu ya punguzo. Abiria wa matatu yuko vivyo hivyo. Kwa hao wawili, fedha zitakazokosekana barabarani ni hasara wanayoiona, na nafuu ya pampu ni habari wanayoisikia redioni. Ahadi ya tatu ndiyo yao, ikiwa ni fedha mkononi na mgombea ametaja zinatoka wapi.

Kuna kundi ambalo sijamsikia mgombea yeyote akilisimamia: wanaonunua mafuta ya taa kwa chupa. Tangu 2018 Kenya hutoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili matapeli wasiyachanganye na dizeli. Sababu ilikuwa nzuri na iliwabana matapeli, lakini iliwabana zaidi wanaopikia jiko la mafuta mtaa wa mabanda. Kama kuna kodi ya mafuta ambayo kuisimamisha kungewafikia maskini moja kwa moja, bila kupitia kwa kondakta, ni hiyo. Lakini uchakachuaji ungerudi wiki hiyo hiyo, na injini za malori zingelipa. Hapo fedha mkononi kwa kaya hizo zinashinda kusimamisha kodi, na ni bei nafuu kuliko kuigandisha petroli ya nchi nzima ili mwenye gari kubwa la lita 80 naye apate yake.

Na kama ahadi ni ruzuku, mimi ningeipa kura ya mwisho kati ya zote tatu, isipokuwa mgombea ataje kiasi kwa shilingi, ataje mwezi wa kuikomesha, na mwezi huo uwe angalau miezi mitatu baada ya kuapishwa kwake.